Nani hasa anahitaji tiba baada ya kufiwa?

Januari 1, 2022, toleo la 11 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa la Shirika la Afya Duniani lilianza kutumika rasmi. Machi mwaka huo huo, Chama cha Wataalamu wa Magonjwa ya Akili cha Marekani kikatoa toleo lililorekebishwa la mwongozo wake wa utambuzi. Vitabu vyote viwili viliingiza jambo ambalo halikuwahi kuwamo kama ugonjwa unaojitegemea, yaani hali ambayo hapa nitaiita huzuni sugu ya msiba. Mjadala uliofuata haujapoa, na kwa bahati mbaya umegawanyika katika kambi mbili zinazokosea mahali pamoja. Kambi ya kwanza inalalamika kwamba madaktari wameyageuza machozi kuwa maradhi, na kwamba sasa anayemlilia mama yake kwa mwaka mzima ataandikiwa vidonge. Kambi ya pili imelipokea jina jipya kwa furaha, ikiamini limethibitisha ilichokuwa ikikihubiri siku zote: kila aliyefiwa apelekwe kwa mshauri nasaha, tena mapema, kabla mambo hayajaharibika. Kambi zote mbili zinaamini kwamba eneo la tiba limepanuliwa. Mimi nasoma maandishi yale yale na kuona kwamba limewekewa mipaka. Yakifuatwa kwa uaminifu, wafiwa walio wengi wanaachwa waomboleze bila kuitwa wagonjwa wala kupangiwa vikao, na wataalamu wanadaiwa deni kubwa zaidi kwa wachache waliobaki, la kuwapa tiba iliyotengenezwa kwa ajili ya huzuni ya kufiwa yenyewe badala ya mazungumzo ya jumla au dawa za sonona, yaani ule ugonjwa wa kushuka moyo.

Tuanze na kilichoandikwa, kwa sababu wengi wanaokigombania hawajakisoma. Shirika la Afya Duniani linataka iwe imepita angalau miezi 6 tangu kifo, na mwongozo wa Marekani unataka miezi 12 kwa mtu mzima na 6 kwa mtoto au kijana. Kupita kwa muda peke yake hakumfanyi mtu kuwa mgonjwa. Lazima pawe na hamu kali isiyokatika ya kuwa na marehemu, au mawazo yanayomzunguka marehemu kiasi cha kutomwachia mfiwa nafasi ya kitu kingine. Mwongozo wa Marekani unaongeza kwamba hali hiyo iwepo karibu kila siku kwa mwezi mzima uliotangulia, na iandamane na angalau dalili 3 kati ya 8: kuhisi kwamba sehemu ya nafsi yako imekufa, kutoamini kwamba kifo kimetokea, kukwepa chochote kinachokumbusha kwamba mtu huyo hayupo tena, maumivu makali ya moyo, kushindwa kurudi katika maisha, kufa ganzi, kuona maisha hayana maana, na upweke mzito. Pamoja na hayo yote, hali hiyo lazima iwe inamzuia mtu kuishi, na iwe imevuka kile ambacho jamii yake, utamaduni wake na dini yake vinakitarajia. Kwa hiyo mjane anayelia kila inapofika siku aliyofariki mumewe, hata baada ya miaka 10, hatajwi humo. Wala hatajwi baba anayezungumza na picha ya mwanawe kila asubuhi kisha akaenda kazini.

Mpaka huu haukuzuka hewani. Mwaka 1917 Sigmund Freud, daktari aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, aliandika kwamba maombolezo, hata yanapomtoa mtu kabisa katika mwenendo wake wa kawaida, si ugonjwa wa kupelekwa kwa daktari, na kwamba kuyaingilia hakuna faida na huenda kukadhuru. Miaka michache kabla ya katikati ya karne hiyo fikra zilianza kugeuka. Novemba 28, 1942, moto uliteketeza klabu ya usiku ya Cocoanut Grove mjini Boston na kuua watu 492, na daktari Erich Lindemann, aliyewahudumia manusura na wafiwa, akachapisha mwaka 1944 maelezo ya dalili za huzuni ya ghafla, akisisitiza kwamba maombolezo ni kazi ambayo mtaalamu anaweza kumsaidia mfiwa kuifanya. Hapo ndipo ilipoota mizizi imani kwamba asiyeifanya kazi hiyo waziwazi, kwa kulia na kusimulia, ataulipia ukimya wake baadaye. Kisha mwaka 1969 daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross akaupa ulimwengu hatua 5: kukana, kukasirika, kuomba mapatano, kuzama katika huzuni, na kukubali. Hatua hizo zilitokana na mahojiano yake na watu waliokuwa wanakufa wenyewe. Hakuwa amewafuatilia waliobaki nyuma, lakini umma, na washauri wengi pia, waliziazima na kuwavika wafiwa kama ratiba. Mwaka 2007 Paul Maciejewski na Holly Prigerson, wakiwa na wenzao, walizipima hatua hizo kwa wafiwa halisi. Walikuta kwamba kukubali kifo ndiko kulikoripotiwa zaidi tangu mwanzo, na kwamba hisia chungu iliyotawala miezi yote ilikuwa ile hamu ya kuwa na marehemu. Si ajabu kwamba hamu hiyo ndiyo iliyowekwa kuwa moyo wa utambuzi mpya.

Utafiti mwingine ulioutikisa msimamo wa zamani ni wa George Bonanno, ambaye kuanzia mwaka 2002 alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee tangu kabla hawajafiwa na wenzi wao hadi miezi 18 baada ya kifo. Karibu nusu yao walionyesha uthabiti: waliumia, walimkumbuka marehemu, lakini hawakuporomoka, na huzuni haikuwalipukia baadaye kama nadharia ya zamani ilivyotabiri. Wengine waliporomoka kisha wakainuka polepole. Kulikuwa na kundi dogo ambalo lilibaki chini. Mwaka 2017 watafiti waliokusanya tafiti za nchi mbalimbali walikadiria kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 10 waliofiwa kwa vifo vya kawaida hufikia hali ya huzuni sugu. Wengine walipozikusanya tafiti za vifo vya ajali, mauaji, kujiua na majanga, makadirio yalipanda hadi karibu nusu ya wafiwa. Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa na yeyote anayepanga huduma. Aina ya kifo, na uhusiano wa mfiwa na marehemu, kwa mfano mzazi aliyempoteza mtoto, vinatueleza zaidi ni nani wa kumwangalia kwa karibu kuliko wingi wa machozi tunayoyaona siku ya mazishi.

Sasa tuipime hoja ya kambi ya pili, ile inayotaka kila mfiwa apelekwe kwenye tiba. Inatoka kwenye moyo mwema, na ina mantiki inayovutia: ikiwa tiba inasaidia, kwa nini tungoje mtu aumie miezi 6 au 12 ndipo tumpe? Ubovu wake ni kwamba imejaribiwa na haikufaulu. Mwaka 2008 Joseph Currier, Robert Neimeyer na Jeffrey Berman walizichambua tafiti 61 zenye makundi ya ulinganisho. Kwa jumla, wafiwa waliopewa msaada wa kitaalamu walipata nafuu ndogo mara baada ya vikao, na walipofuatiliwa baadaye hawakuwa na tofauti na wafiwa ambao hawakupewa chochote. Palipokuwa na faida ya kweli ni pale tiba ilipowalenga watu waliokuwa tayari wanashindwa kumudu maisha. Shirika la Afya Duniani lilifuata ushahidi wa namna hii lilipotoa mwongozo wake wa mwaka 2013 kuhusu hali zitokanazo na msongo: tiba ya kisaikolojia yenye mpangilio isitolewe kwa wafiwa wote kwa jumla, watu wazima au watoto, ambao hawana ugonjwa wa akili, na dawa za kutuliza za kundi la benzodiazepini wasipewe wafiwa kwa sababu ya msiba tu. Mwongozo huo una zaidi ya miaka 10, na bado kuna mahali ambapo jambo la kwanza analoletewa mfiwa ni kidonge cha usingizi.

Kwa nini msaada mwema usilete faida? Kwa sababu mfiwa wa kawaida hana pengo ambalo tiba imetengenezwa kuliziba. Margaret Stroebe na Henk Schut, katika mfano wao wa mwaka 1999, walieleza kwamba maombolezo yanayoenda vizuri ni kwenda na kurudi. Leo mtu anaukabili msiba, kesho anaupa mgongo na kushughulika na kodi ya nyumba, ada za watoto, majukumu aliyoachiwa na marehemu ambayo hajui hata yanaanzia wapi. Kupumzika na huzuni si kuikana. Mshauri anayemtaka mfiwa wa wiki ya tatu afungue moyo kila Jumanne saa kumi anaweza kumvuruga katika kwenda na kurudi huko ambako tayari anakufanya vizuri bila kufundishwa. Katika kukaa na wafiwa, jamaa na marafiki, nimesikia zaidi ya mmoja akisema kwamba jambo lililomchosha kuliko msiba wenyewe ni watu waliomwambia anavyopaswa kuhuzunika: huyu akimkataza kulia, yule akimtilia shaka kwa sababu halii.

Kuna mahali, hata hivyo, ambapo kanuni ya kutowapa wote tiba inapaswa kusomwa kwa uangalifu, nako ni kwa watoto. Katika jimbo la Arizona, Irwin Sandler na wenzake walizipa familia zilizofiwa na mzazi programu fupi ya vikao, watoto wakikaa kivyao na mzazi aliyebaki akikaa na wenzake, na wakawafuatilia watoto 244 kutoka familia 156 kwa miaka mingi. Miaka 6 na hata 15 baadaye, waliopitia programu hiyo walikuwa na afya bora ya akili kwa baadhi ya vipimo kuliko ambao hawakuipitia. Ukitazama ndani ya programu hiyo, unakuta sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na mzazi: kumsikiliza mtoto bila kumkatiza, kurudisha utaratibu wa nyumbani, kuadhibu kwa haki na kwa kutabirika, kutenga muda wa kuwa naye. Naiita kinga ya malezi zaidi kuliko tiba ya huzuni, na naamini ndiyo sababu imefaulu pale ambapo ushauri wa jumla umeshindwa.

Nirudi kwa wale wachache, kwa sababu wao ndio wanaopotea katika ugomvi wa kambi mbili. Mchukulie mwanamke ambaye mwanawe alifariki ghafla miaka mitatu iliyopita. Chumba cha kijana kimefungwa, na ufunguo anao yeye. Laini yake ya simu bado inalipiwa, na usiku mama huipiga ili asikie ile sauti fupi iliyorekodiwa inayosema acha ujumbe. Njia inayopita hospitali ameiacha, hata kama kuzunguka kunamchukua saa nzima. Anajilaumu kwa simu aliyochelewa kuipokea siku ile. Ndugu zake wamechoka, nao hawathubutu kusema kwamba wamechoka. Ukimwambia wakati utaponya, utakuwa humwambii kweli, kwa kuwa wakati umepita na kila siku amefanya yale yale mawili: ameutafuta uwepo wa kijana wake na amekwepa kila kitu kinachothibitisha kwamba hayupo. Mambo hayo mawili yakikutana huzuni husimama palepale.

Tiba iliyobuniwa na daktari wa akili wa Marekani, Katherine Shear, kwa watu kama huyu ina vikao 16, kwa kawaida kimoja kwa wiki, na haifanani na picha ya mtu aliyelala kwenye kochi akizungumza chochote kinachomjia. Mtaalamu kwanza anamweleza mfiwa huzuni ni nini na inakwama vipi, kisha wanapanga pamoja malengo ya maisha, hata yawe madogo, kwa sababu tangu siku ya kwanza tiba inaitazama kesho pamoja na jana. Katika vikao vya katikati inakuja kazi ngumu. Mfiwa anafumba macho na kusimulia, kwa wakati uliopo kana kwamba yanatokea sasa, dakika ile alipopata habari: alikuwa amesimama wapi, nani alizungumza, alisikia nini kwanza. Masimulizi yanarekodiwa. Mtaalamu anamwuliza mara kwa mara uchungu uko kiwango gani, kisha anamwongoza ayaweke masimulizi kando kwa hiari yake, jambo ambalo mfiwa huyu alikuwa hajui kwamba linawezekana. Nyumbani anaisikiliza rekodi ile kati ya kikao na kikao. Sambamba na hilo, anaanza kurudi kidogo kidogo kwenye alivyovikwepa: leo ile njia ya hospitali, wiki ijayo mlango wa chumba. Mwishoni kuna mazungumzo ya kuwaziwa na marehemu, ambapo mfiwa anasema kilichobaki hakijasemwa, kisha anajibu kwa sauti ya marehemu. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa la ajabu. Mimi naliona kuwa la heshima kubwa, maana linampa mama yule nafasi ya kuomba msamaha kwa simu ile, na ya kuwazia jibu ambalo kijana wake, kwa alivyomjua, angempa.

Tiba hii imepimwa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2005, wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu kati ya tiba hii na tiba ya mazungumzo inayotumika kwa sonona. Waliopata nafuu walikuwa asilimia 51 upande wa kwanza na asilimia 28 upande wa pili. Mwaka 2014, kwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: asilimia 70.5 kwa asilimia 32. Mwaka 2016 watafiti waliongeza swali la dawa, wakaitumia citalopram, ambayo ni dawa ya kawaida ya sonona. Kwa waliopata tiba ya huzuni, kuongezewa dawa hakukuleta tofauti ya maana katika huzuni yenyewe, ingawa dalili za sonona zilipungua zaidi pale dawa ilipoambatana na tiba. Kwa maoni yangu tafiti hizi tatu ndizo sehemu muhimu kuliko zote katika mjadala huu, na ndizo zinazotajwa kwa nadra. Zinatuambia kwamba huzuni sugu si sonona iliyovaa nguo nyeusi. Zinatuambia pia kwamba mtu anaweza kumwona mshauri kwa mwaka mzima na asisaidike, akahitimisha kwamba yeye haponyeki, wakati ukweli ni kwamba alipewa tiba ya ugonjwa mwingine.

Kambi ya kwanza ina hoja zenye uzito, na haifai kuzipuuza. Ile ya nguvu zaidi inatoka kwenye historia ya mwongozo wa Marekani wenyewe. Tangu mwaka 1980 mwongozo huo ulikuwa na kifungu kilichomzuia daktari kumtangaza mfiwa wa karibuni kuwa na sonona. Mwaka 2013 kifungu hicho kiliondolewa, na wakosoaji, wakiwamo madaktari mashuhuri wa akili, walionya kwamba huzuni ya kawaida itaangukia mikononi mwa dawa. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga, kwa sababu kuandika dawa ni kazi ya dakika tano na kukaa na mtu katika vikao 16 ni kazi ya miezi minne. Lakini tukiifuata hoja hii hadi mwisho, inaelekea kuutetea utambuzi mpya. Palipokosekana jina la huzuni sugu, daktari aliyekutana na mama wa mfano wetu alikuwa na droo moja tu ya kumweka, ya sonona, na ndani yake kuna vidonge. Jina tofauti linamlazimu auulize ushahidi wa tiba tofauti. Bila shaka mfumo mbaya unaweza kulitumia vibaya jina zuri, na hilo ni jambo la kuliangalia kwa makini.

Hoja ya pili ni ya muda. Kwa nini miezi 6 huku na 12 kule? Ikiwa maumivu ni yale yale, mpaka unawezaje kutofautiana kwa nusu mwaka? Nakubali kwamba tarakimu zenyewe ni makubaliano ya kamati, na hakuna kitu mwilini kinachobadilika usiku wa mwezi wa 12. Hata hivyo, mpaka wenye kasoro unaolinda wengi ni bora kuliko kukosa mpaka. Kinachonisumbua zaidi ni jinsi unavyoweza kusomwa kinyume, kana kwamba kabla ya miezi hiyo hakuna msaada wa kutafutwa. Mfiwa anayewaza kujiua anahitaji msaada siku hiyo hiyo, hata kama ni siku ya tatu ya msiba. Sonona na madhara ya kiwewe, hasa kwa aliyeshuhudia kifo cha kutisha, hayafuati kalenda ya huzuni sugu, na yana tiba zake zisizongoja.

Kuna pia hoja iliyoenea sana kwamba tiba ya huzuni huwadhuru watu wengi, na iliwahi kuandamana na takwimu ya kutisha: asilimia 38 ya waliotibiwa waliishia kuwa wabaya zaidi kuliko ambavyo wangekuwa bila tiba. Mwaka 2007 Dale Larson na William Hoyt waliifuatilia takwimu hiyo hadi ilikotoka, wakakuta chanzo chake ni tasnifu ambayo haikuwa imechapishwa, iliyotumia njia ya hesabu ambayo haikuwa imethibitishwa. Msingi haukuwapo. Ilikuwa imenukuliwa kwa miaka kadhaa na watu wenye nia njema waliotaka kuwalinda wafiwa, na huenda imemfanya mtu mmoja au wawili waliohitaji msaada wasiutafute.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosemwa kwa hisia kubwa zaidi: kwamba huzuni ni upendo, na kwa hiyo kuitibu ni kumtaka mtu aache kumpenda marehemu wake. Naelewa inatoka wapi. Kwa miongo mingi wataalamu wenyewe walifundisha kwamba mwisho wa maombolezo ni kukata kamba na kuuhamishia moyo kwingine. Fundisho hilo lilipingwa kwa nguvu mwaka 1996, pale Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walipoonyesha kwamba wafiwa wenye afya nzuri huendelea kuwa na uhusiano na marehemu wao: wanawashauri moyoni, wanawasimulia kwa watoto, wanaendeleza kazi zao. Tiba za leo zimejengwa juu ya ufahamu huo. Tena ukiitazama huzuni sugu kwa karibu, unaona kwamba ndiyo inayomnyang'anya mfiwa marehemu wake. Mama yule hawezi kumkumbuka kijana wake akicheka, kwa sababu kila kumbukumbu inaishia kwenye simu ya siku ile. Watu wengi wanaomaliza tiba kama hiyo husema kwamba sasa wanaweza kutazama picha. Anayeipinga tiba kwa jina la upendo anapaswa kwanza amweleze mama huyo upendo wake unafaidika nini na chumba kilichofungwa.

Haya yana maana gani kwa wanaopanga huduma? Miezi ya mwanzo wasiwatume wafiwa wote kwa wanasaikolojia, bali wautazame mwili. Mwaka 1969 Colin Murray Parkes na wenzake walionyesha kwamba kati ya wagane 4,486 wenye miaka 55 na zaidi, vifo katika miezi 6 ya kwanza baada ya kufiwa vilizidi kwa asilimia 40 vile vilivyotarajiwa kwa wanaume wenye ndoa wa rika lao, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa maradhi ya moyo. Anayemtakia heri mgane wa wiki ya pili na ampeleke apimwe shinikizo la damu, ahakikishe anakula na kulala, aangalie kama ameacha kumeza dawa zake. Ratiba za watu zingegeuzwa pia. Msiba hujaa watu wiki ya kwanza, na mwezi wa sita simu hazilii tena, wakati huo ndio mwezi ambao swali moja la makini lingefaa zaidi kuliko pole mia za mwanzo. Swali lenyewe si gumu: je, bado unamtafuta kila siku kiasi kwamba huwezi kufanya kingine, na kuna mahali au vitu unavyovikwepa kwa sababu yake? Muuguzi anaweza kuliuliza, kiongozi wa dini anaweza, shemeji anaweza. Baada ya kifo cha ghafla au cha kujiua, au cha mtoto, lisikose kuulizwa.

Kwa waajiri, mantiki ni ile ile. Likizo ya siku chache ikifuatiwa na namba ya simu ya ushauri nasaha inaonekana kama ukarimu, lakini wafiwa walio wengi wanahitaji zaidi ruhusa ya kupunguza kazi kwa wiki kadhaa bila kuhesabiwa kuwa mgonjwa, na wachache wanahitaji, miezi mingi baadaye, muda wa kwenda kwenye vikao 16. Sera nyingi za kazini zinatoa msaada wote mwezi wa kwanza na hazina lolote mwezi wa tisa.

Kikwazo kikubwa kipo kwa wataalamu wenyewe. Washauri wengi wamefunzwa kusikiliza, jambo ambalo ni la thamani, lakini hawakufunzwa kumwongoza mtu arudi kwenye dakika ile aliyoikimbia, wala kujua ni lini asiguswe. Mafunzo hayo yapo, yana mwongozo wa kikao kwa kikao, na yanaweza kuongezwa juu ya ujuzi ambao mshauri tayari anao. Vyuo vinavyoendelea kufundisha hatua 5 kana kwamba ndiyo elimu yote ya msiba vinawatoa wahitimu wasio na zana kwa mgonjwa anayewahitaji zaidi. Wakati hilo linasubiri kurekebishwa, mfiwa ambaye amekwama, au ndugu anayemsindikiza, ana haki ya kumwuliza mshauri kwenye kikao cha kwanza kabisa kama amefunzwa tiba ya huzuni ya msiba, ni vikao vingapi, na nini hasa kitafanywa ndani yake. Asipopata jibu linaloeleweka, atafute mwingine, na asijilaumu kwa kufanya hivyo.